Kuulizwa Si Kutukanwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limenisumbua tangu muhula uliopita. Wenzangu wengi wameniuliza bwenini kwa nini nilirudisha ufunguo wa chumba cha kompyuta na kuacha ukiranja wa chumba hicho, hali nilikuwa nimeifanya kazi hiyo mwaka mzima bila lawama. Wengine wasema niliogopa. Wengine wasema nilikasirika. Si hivyo wala si hivyo. Nataka kueleza sababu yangu mbele ya wote, maana nadhani jambo lenyewe latuhusu sote.

Kwanza nitasimulia yaliyotokea. Katika ofisi ya taaluma kuna kompyuta inayotunza alama zetu za mitihani, na kompyuta za chumba chetu zimeunganishwa nayo kwa waya. Ili kuingia katika daftari la alama mtu alihitaji neno la siri moja tu, na neno hilo lilikuwa la watu sita kwa pamoja: walimu wanne, karani, na mimi, kwa kuwa niliwasaidia walimu kuandika alama wakati wa haraka. Jambo hilo nililionea fahari. Nilijiona mtu wa kuaminiwa.

Basi, usiku mmoja baada ya mtihani wa majaribio, alama za wanafunzi watatu wa Kidato cha Pili zilibadilishwa, zikapanda. Mwalimu wa hisabati aligundua kwa sababu alikuwa na karatasi zao mkononi. Kompyuta ilipotazamwa ili ijulikane nani aliyeingia, ilijibu kadiri ilivyofundishwa: ameingia "ofisi", saa mbili na dakika kumi usiku, kutoka chumba cha kompyuta. Saa hiyo ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimewafungulia chumba wenzangu kumi na wawili waliotaka kujisomea, kisha nikaenda maktaba.

Tuliitwa sote sita. Kila mmoja alisema hakufanya. Nilipofika zamu yangu, mkuu wetu alinitazama akasema, "Mwanangu, mimi nakuamini." Nilimshukuru, na hata leo namshukuru. Lakini nilipotoka nje nilitambua ya kuwa maneno yale hayakunisafisha. Aliyeniamini na aliyenishuku walikuwa sawa: wote wawili walikisia, maana hapana hata mmoja aliyekuwa na ushahidi. Alama zilirudishwa kutoka katika karatasi, lakini mkosaji hajajulikana mpaka leo. Yamkini ni mmoja wetu sita. Yamkini ni mtu wa saba aliyelichungulia neno la siri begani mwa mwenziwe. Hatujui, wala hatutajua. Tangu siku ile sisi sote twatembea na doa, na waliotakata hawana njia ya kuonyesha utakatifu wao.

Ndipo nilipoanza kusoma vitabu na makala juu ya ulinzi wa kompyuta, nikaona ya kuwa msiba wetu mdogo umekwisha kuwapata wakubwa duniani, nao wameutafutia dawa. Dawa hiyo kwa Kiswahili twaweza kuiita Imani Sifuri. Jina hili ni kali, na wengi wakilisikia hukunja uso. Lakini naomba msomaji avumilie nilieleze kabla ya kulihukumu.

Desturi ya zamani ya kulinda kompyuta za ofisi ilikuwa kama desturi ya mfugaji na boma lake. Mfugaji huzungusha miiba, huacha mlango mmoja, na usiku huufunga. Kilicho nje ya boma ni adui, na kilicho ndani ni mali yake. Hivyo ndivyo makampuni na serikali zilivyofanya: walijenga ukuta wa ulinzi kuuzunguka mtandao wao, wakaweka mlinzi langoni, na yeyote aliyekwisha kupita lango alihesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Hakuulizwa tena. Aliweza kutembea kutoka chumba hata chumba.

Ubaya wa boma wajulikana na kila mfugaji. Fisi akipata tundu moja, halina kazi tena, maana ndani hapana mlango mwingine. Tena siku hizi boma lenyewe limekwisha kupotea. Watu wafanya kazi nyumbani, wengine safarini kwa simu, na mali yenyewe, yaani maandishi na hesabu, mara nyingi haimo ofisini kabisa, bali imewekwa katika kompyuta za kukodi zilizo nchi nyingine. Je, ukuta utaujenga wapi?

Wazo la kuhakikisha kila mara si jipya. Mwaka wa 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kanuni za kulinda habari katika kompyuta. Mbili kati ya hizo zafaa kukumbukwa. Ya kwanza ni kwamba kila mtu na kila programu ipewe ruhusa ile tu inayohitajiwa na kazi yake, isizidi. Ya pili ni kwamba kila mara kitu kinapotakiwa kufikiwa, ruhusa itazamwe. Kanuni hizo zilisifiwa sana lakini kwa muda mrefu hazikufuatwa ipasavyo, kwa kuwa ukuta ulionekana watosha.

Mwaka wa 2010 mtu aitwaye John Kindervag, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya utafiti ya Forrester, aliandika kwamba mitandao yetu ni kama peremende yenye ganda gumu kwa nje na ulaini kwa ndani. Ukilivunja ganda, umekwisha kula. Yeye ndiye aliyelieneza jina la Imani Sifuri. Watu walikuwa wakipenda kusema, "Mwamini mtu, lakini hakikisha." Kindervag aliona ya kuwa kwa kweli walikuwa wakiamini sana na kuhakikisha kidogo.

Mwaka huo huo wa 2010, mwezi wa Januari, kampuni ya Google ilitangaza kwamba mwishoni mwa mwaka wa 2009 wezi walikuwa wamepenya mtandao wake, na kwamba shambulio lilitoka China. Tazama, kampuni yenye mabingwa wengi kama ile! Baadaye Google iliamua kuubadili mpango wake wote wa ulinzi, na mwaka wa 2014 ikaanza kuueleza kwa maandishi, ikiuita BeyondCorp. Shina la mpango huo ni moja: mfanyakazi aliyeketi ofisini hana heshima kubwa zaidi, kwa kompyuta, kuliko aliyeketi katika mkahawa wa chai. Wote wawili sharti waonyeshe wao ni nani, na chombo wanachotumia ni kipi na ni kizima. Mahali ulipo hapakupi ruhusa.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2020 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na viwango, iitwayo NIST, ilitoa kitabu chenye namba 800-207 kinachoeleza mpango huu kwa utaratibu. Na tarehe 26 Januari 2022 serikali ya nchi hiyo iliziagiza idara zake kutimiza mambo kadha wa kadha ya mpango huu kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha wa 2024.

Sasa nieleze jinsi mpango unavyofanya kazi. Fikiri juu ya watu wawili. Mmoja ni mwamuzi, na mwingine ni mlinda mlango. Kila chumba chenye mali kina mlinda mlango wake. Si lango la nje peke yake. Mtu akija, mlinda mlango hamfungulii kwa kuwa anamjua uso, bali humpelekea mwamuzi habari zake. Mwamuzi hutazama mambo matatu. Kwanza, huyu ni nani, na je, amethibitisha kwa njia zaidi ya moja, mathalani neno la siri pamoja na namba iliyotumwa katika simu yake? Pili, chombo anachotumia kinajulikana, na je, kina afya, au kimejaa virusi? Tatu, anataka nini, na je, kazi yake yahitaji kitu hicho saa hii? Akiridhika, humpa ruhusa ya kitu kile kimoja, kwa muda ule mmoja. Akitaka kingine, ataulizwa tena. Na kila swali na kila jibu huandikwa katika kumbukumbu.

Neno la mwisho la mpango huu ndilo kubwa kuliko yote: jenga nyumba yako kana kwamba mwizi amekwisha kuingia. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema hivyo ili tutembee uchi. Walitaka tukung'ute nguo kabla ya kuivaa.

Nitatoa mifano miwili ili isidhaniwe kuwa haya ni maneno ya vitabuni tu. Mwaka wa 2013 huko Marekani wezi waliingia katika mtandao wa kampuni ya maduka iitwayo Target. Hawakuvunja ukuta. Waliiba jina na neno la siri la kampuni ndogo ya mafundi waliohudumia mitambo ya kupoza hewa na majokofu ya maduka hayo. Fundi wa majokofu alikuwa amepewa njia ya kuingia katika mtandao kwa kazi zake, nao wezi, wakiisha kuingia kwa jina lake, walitembea hata wakafika kwenye mashine za kupokea fedha. Waliiba habari za kadi za benki zipatazo milioni 40. Nauliza: fundi wa majokofu ana haja gani na mashine ya fedha? Na kama hana haja, kwa nini kulikuwa na njia ya kupita?

Mfano wa pili ni wa mwezi wa Mei mwaka wa 2021. Kampuni ya Colonial Pipeline hupeleka kwa bomba karibu nusu ya mafuta yanayotumiwa katika pwani ya mashariki ya Marekani. Wezi waliingia kwa kutumia akaunti ya kuingilia kutoka mbali. Akaunti hiyo ilikuwa haitumiki tena, lakini hapana mtu aliyeifunga. Tena ilihitaji neno la siri tu, bila uthibitisho wa pili. Kampuni ililifunga bomba kwa siku kadhaa, magari yakapanga foleni kwenye vituo vya mafuta, na kampuni ikawalipa wezi fedha za kompyuta zenye thamani ya dola zipatazo milioni 4.4. Sehemu kubwa ya fedha hizo za kompyuta ilipatikana tena baadaye kwa juhudi za serikali, lakini hasara na aibu vilibaki. Hayo yote ni kwa sababu ya mlango mmoja uliosahauliwa. Nasi hapa shuleni tuna majina mangapi ya wanafunzi waliokwisha kumaliza, ambayo bado yafungua kompyuta zetu? Mimi niliyahesabu kabla ya kurudisha ufunguo. Ni thelathini na moja.

Sasa nawajibu wanaonipinga, maana hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza wasema: "Jambo hili ni la kigeni na ni matusi. Sisi tumelelewa kuaminiana. Ukimwuliza mtu kila mara yeye ni nani, umemwita mwizi." Mimi nasema, tazama simu ya mama yako. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka wa 2007, na huduma kama hizo zilipoenea kwetu, sisi tumekwisha kuzoea kuulizwa. Mama akitaka kutuma shilingi elfu moja, simu humwuliza namba ya siri. Akituma tena baada ya dakika mbili, humwuliza tena. Simu ni yake, mkono ni wake, fedha ni zake, lakini huulizwa. Je, umepata kumsikia mama yako akilia kwamba simu imemtukana? La. Hufurahi, maana ajua ya kuwa simu ikiibwa, mwizi naye ataulizwa. Swali lile lile linalomchelewesha mwenye mali nusu dakika ndilo linalomzuia mwizi asiimalize mali yote.

Tena hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Imani Sifuri haisemi kwamba binadamu asimwamini binadamu mwenziwe. Yasema kwamba mashine isimpe mtu ruhusa kwa sababu tu yumo ndani, au kwa sababu ametaja neno ambalo hata kasuku angeweza kulitaja. Mkuu wetu aliponiambia ananiamini, alinijua tabia yangu, jina langu na wazazi wangu. Kompyuta ilijua nini? Ilijua neno "ofisi" tu. Ile haikuwa imani bali uvivu uliovikwa nguo ya imani.

Wa pili wasema: "Kuulizwa sana huchosha, na mtu aliyechoka huandika neno la siri ukutani." Hoja hii ni ya kweli. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2022 kampuni ya Uber iliingiliwa kwa njia hiyo hasa. Mwizi alikwisha pata neno la siri la mtu aliyeifanyia kampuni kazi. Kilichobaki ni uthibitisho wa pili, uliokuja kwa simu kumwuliza mwenye simu, "Je, ni wewe?" Mwizi alimtumia swali hilo tena na tena, hata mwishowe mtu yule akakubali. Kwa hiyo nakiri ya kuwa maswali mengi yasiyo na akili huwa sawa na kutouliza. Dawa ni kuuliza kwa kipimo. Mtu anayetaka kusoma ratiba ya vipindi aulizwe kidogo. Anayetaka kubadili alama aulizwe sana. Mpango mzuri si ule unaomsumbua kila mtu sawasawa.

Wa tatu ni wale ambao nawaheshimu kuliko wote. Wao huuliza: "Ikiwa kila jambo laandikwa katika kumbukumbu, nani atamlinda mlinzi? Leo mnaandika aliyefungua alama, kesho mtaandika aliyesoma nini na saa ngapi." Hofu hii yafaa. Mwenye kushika kumbukumbu aweza kuwa mnyanyasaji. Kwa hiyo sharti kumbukumbu zihusu mali ya shule tu, zisomwe na watu wawili pamoja, wala zisiwe mali ya mtu mmoja. Hata nchi yetu ya Tanzania imekwisha kutunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka wa 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yawataka wenye kushika habari za watu wazitunze kwa usalama. Katika kompyuta ya ofisi si alama tu zilizomo. Mna namba za simu za wazazi wetu, na habari za wenzetu waliougua, na ya wale ambao hawajalipa michango. Je, ni haki habari hizo kulindwa kwa neno moja linalojulikana na watu sita, na pengine saba?

Basi naomba mambo manne, na nayaomba kwa adabu. Kwanza, kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri. Neno la watu wote life leo. Pili, kila mtu apewe kiasi cha kazi yake. Mwanafunzi anayesaidia kuandika alama za jiografia asiweze kufungua za hisabati, na ruhusa yake iishe kazi inapoisha. Na kompyuta za chumba chetu zitengwe na ile ya alama. Tatu, mwalimu anayetaka kubadili alama iliyokwisha kuandikwa athibitishwe mara ya pili kwa simu yake; nasi wanafunzi, kwa kuwa hatuna ruhusa ya simu shuleni, tusiwe na uwezo huo kabisa. Nne, mtu akihama au akimaliza, jina lake lifungwe siku ile ile, na kumbukumbu zisomwe na watu wawili kila mwisho wa juma. Katika mambo hayo manne sioni hata moja linalohitaji tununue mashine mpya. Yahitaji Jumamosi moja ya kazi, na mimi niko tayari kutoa yangu.

Sasa mwajua kwa nini nilirudisha ufunguo. Sikuurudisha kwa hasira. Niliurudisha kwa kuwa nilielewa ya kuwa mtu aliyepewa kila kitu bila kuulizwa hana cha kujitetea nacho siku kitu kitakapopotea. Jina langu likiandikwa peke yake juu ya kazi niliyoifanya mimi, na jina la mwenzangu juu ya kazi yake, nitauchukua ufunguo ule tena kwa furaha, na kila nitakapoulizwa mimi ni nani, nitajibu.

Ni mimi,
Aliyekuwa Kiranja wa Chumba cha Kompyuta,
Kidato cha Tano.